UZI: Tuichague upya drafti ya AFL (ligi kuu ya mpira wa Australia) ya 2021, ile siku timu zinachagua madogo kwa zamu. Na kwa nini dogo mrefu aliyechelewa kuanza anaachwa mpaka namba 44?

Mtaa wa Dandenong (mwanzisha uzi)

Habarini wadau wa mpira wa Australia. Najua humu tuko wachache ila tupo, Melbourne, Adelaide, Perth, na nyie mnaofuatilia kwa simu kutoka nyumbani. Msimu wa 2025 umeisha, Brisbane kabeba tena, Matt Rowell kachukua Brownlow yake, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, kwa kura 39, sasa ndio ule wakati wa kubishana kuhusu madogo. Mimi naomba ya mwaka huu tuiweke pembeni kwanza, dogo wa miaka 18 ukimjadili leo unajadili video za dakika tatu tu, hakuna ushahidi. Turudi 2021. Misimu minne imepita, watoto wamekomaa, kila kitu kiko uwanjani kinaonekana.

Kwa waliosahau, siku ile majina yaliitwa hivi: 1 Jason Horne-Francis (North Melbourne), 2 Sam Darcy (Bulldogs), 3 Finn Callaghan (GWS, yaani Greater Western Sydney), 4 Nick Daicos (Collingwood), 5 Mac Andrew (Gold Coast), 6 Josh Rachele (Adelaide), 7 Josh Ward (Hawthorn), 8 Jye Amiss (Fremantle), 9 Josh Gibcus (Richmond), 10 Neil Erasmus (Fremantle), 11 Nasiah Wanganeen-Milera (St Kilda).

Mkipewa leo kalamu na karatasi mnaandikaje? Yangu hii hapa: 1 Daicos, 2 Wanganeen-Milera, 3 Mac Andrew, 4 Darcy, 5 Horne-Francis.

Najua namba 3 itawakera wengi ndio maana nimefungua uzi. Yule kijana kazaliwa Cairo, wazazi wake ni wa Sudan Kusini, kakulia huku kwetu kusini mashariki ya Melbourne, kacheza timu ya vijana ya Dandenong Stingrays. Siku anachukuliwa alikuwa mwembamba hivi hata ukimwangalia unajiuliza akigongwa itakuwaje, na alikuwa anacheza kule katikati kurukia mpira refa akiurusha. Gold Coast wakampeleka nyuma, wakamwambia wewe ni beki, wakampa muda. Leo ni beki ambaye mafowadi wa ligi nzima hawataki kukutana naye, na klabu imempa mkataba unaofika mpaka 2030. Na ile Agosti 2024 dhidi ya Essendon si mliona wenyewe, wanamtupa mbele dakika za mwisho, anadaka mpira juu ya watu, king'ora kinalia, anapiga, goli, mechi imekwisha.

Hoja yangu kubwa ni hii. Dogo asipimwe kwa anachoweza akiwa na miaka 18, apimwe pia kwa muda gani ameucheza huu mchezo. Aliyepewa ule mpira wa yai na baba yake akiwa na miaka mitano na aliyeushika kwanza akiwa na kumi na nne wanakimbizwa mita 20 zilezile, wanarukishwa ukuta uleule, halafu wanaambiwa huyu anajua kusoma mchezo na yule hajui. Bila shaka hajui, bado ana miaka minne tu ndani ya mchezo! Ukimwona kafika kiwango cha wenzake kwa nusu ya muda wao, huyo ndio wa kukimbilia. Aliir Aliir kaachwa mpaka namba 44 mwaka 2013, timu zikapita jina lake mara mbili mara tatu, leo kila mtu anajua.

Karibuni.

Bondeni Pwani

Mkuu salaam. Nakuheshimu ila hapo kwenye warefu unaleta mapenzi kwenye hesabu.

Hebu twende taratibu. Warefu waliochukuliwa juu kabisa: Jack Watts namba 1 mwaka 2008 Melbourne, watu wakamsubiri mpaka wakachoka. Jonathon Patton namba 1 mwaka 2011 GWS, magoti. Tom Boyd namba 1 mwaka 2013, akaacha mpira kabisa 2019 akiwa bado kijana wa miaka 23. Paddy McCartin namba 1 mwaka 2014 St Kilda, vichwa vikagongwa mpaka basi, na namba 2 ya siku hiyo alikuwa Christian Petracca ambaye 2021 kachukua Norm Smith, tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Josh Schache namba 2 mwaka 2015, yuko wapi? Sasa weka viungo: Sam Walsh namba 1 2018, Rowell namba 1 na Noah Anderson namba 2 2019 mmoja ana Brownlow na mwingine ni kapteni, Harry Sheezel namba 3 2022 akachukua Rising Star, tuzo ya chipukizi bora, mwaka wake wa kwanza tu.

Kiungo wa miaka 18 unamwona alivyo, mwili wake umeshakaa, kazi yake ya TAC... samahani siku hizi wanaita Talent League, ile ligi ya vijana, ni ileile atakayoifanya kwa wakubwa. Mrefu unanunua ndoto, na kwa chaguo la juu mimi sinunui ndoto.

2021 yangu: Daicos, Wanganeen-Milera, Horne-Francis, Callaghan, halafu ndio Darcy. Andrew namweka 6.

Kapteni Kibe

@Bondeni umesahau kitu moja bro. Tom Boyd unamwita hasara lakini 2016 kwenye Grand Final si yeye ndiye aliwapea Bulldogs ile goli ya kutoka mbali kabisa Swans wa Sydney wakakufa moyo? Bulldogs walikuwa hawajabeba kombe tangu 1954. Uliza fan yeyote wa Bulldogs kama anaweza rudisha hiyo siku. Hakuna.

Na hizo number unaleta ni za picks za juu pekee. Mimi ni mtu wa Hawthorn nimekaa na hii team tangu nije huku kusoma, na kitu nimejifunza ni kwamba value iko chini. Jai Newcombe hakuitwa hata jina 2021... wait, hakuitwa 2020, akachukuliwa katikati ya msimu 2021 kwa ile mid-season draft, na sasa ndiye injini yetu. Changkuoth Jiath alizaliwa Ethiopia familia ikiwa ukimbizini, akaingia kupitia akademi yetu. Ukiweka hao wote kwa re-draft yako list inabadilika kabisa. Newcombe kwa top 5 ya 2021 mimi namuweka bila kufikiria mara mbili.

Mtaa wa Dandenong

@Kapteni Newcombe nakubali ni jembe ila hii ni drafti ya Novemba, tusichanganye. Ingawa ukitaka kuchanganya basi tumlete na Ollie Dempsey, Geelong walimchukua kwenye rookie, ile drafti ndogo ya nyongeza, ya mwaka uleule, baada ya majina yote makubwa kuisha, na 2024 akabeba Rising Star.

@Bondeni orodha yako ni ya warefu waliokuwa wanajulikana tangu wakiwa watoto, walioimbwa magazetini miaka miwili kabla. Watts, Boyd, McCartin, hao walikuwa tayari wameshafundishwa kila kitu, walichukuliwa kwa bei ya juu kabisa. Mimi naongelea wa aina nyingine. Max Gawn kachukuliwa namba 34 mwaka 2009, goti likakatika, akasubiriwa, 2021 ndiye kapteni aliyenyanyua kombe Melbourne baada ya miaka 57. Aaron Sandilands, mita mbili na sentimita kumi na moja, aliingia kama rookie. Dean Cox naye rookie. Hapo ndipo mali ilipo, na inaachwa kila mwaka kwa sababu maskauti wanaogopa kusubiri.

Zungu la Mbagala

Wakuu samahani kwa kuingilia, mimi niko Mbagala nimekuwa naangalia huu mchezo Jutub usiku nikikosa usingizi na nimeanza kuupenda kweli, ila sielewi kitu kimoja. Hii drafti ikoje? Mchezaji hachagui timu? Na huyo Daicos mnasema ndio bora kuliko wote sasa kwa nini kaitwa wa nne, timu tatu zote hazikuona??

Kapteni Kibe

@Zungu karibu sana. Kwa ufupi: hakuna academy ya klabu kama ya Ulaya ambapo unasign mtoto. Vijana wote wakifika miaka 18 wanaingia kwa kapu moja, team iliyomaliza mkiani inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Mchezaji akiitwa anaenda, hata kama ni kuvuka nchi nzima kutoka Perth hadi Melbourne. Wazo ni kwamba wadhaifu wapate nguvu.

Ya Daicos wacha mwenye uzi aeleze maana hiyo ndiyo vita ya kila mwaka.

Mtaa wa Dandenong

@Zungu swali zuri sana hilo. Timu hazikuwa vipofu. Kuna sheria ya baba na mwana: kama baba yako alicheza mechi 100 au zaidi kwenye klabu, ile klabu ina haki ya kwanza kwako. Baba yake Nick ni Peter Daicos, gwiji wa Collingwood. Sasa siku ya drafti timu yoyote inaweza kumtaja, ila Collingwood wanaruhusiwa kulipa kwa pointi na kumbeba. Kila nafasi ina thamani yake, namba 1 ni pointi 3000 halafu zinashuka, unakusanya nafasi zako za chini chini nyingi unazijumlisha mpaka zinafika bei. Na wakati ule ulikuwa unapewa punguzo la asilimia 20, ndio wameshusha ikawa 10 kuanzia 2025. Gold Coast wakamtaja kwenye namba 4 Collingwood wakalipa. Wale wa juu hawakumtaja kwa sababu walijua hawampati, mna mtu mnayemtaka, mwiteni wenu.

Darcy vilevile, baba yake Luke na babu yake David wote walicheza Bulldogs. GWS wakamtaja kwenye 2, Bulldogs wakalipa.

Kasai Adelaide

Ndugu zangu, mimi ni wa Port Adelaide, jirani yangu ni wa Crows, ile Adelaide ingine, tunagombana kila wiki. Nimesoma yote na moyo umeniuma kidogo kuona Horne-Francis munamuweka wa tano.

Ile mutoto munamuhukumu na mwaka wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 18, mbali na nyumbani, kwenye timu iliyokuwa inapigwa kila wiki, kila gazeti linaandika uso wake. Akaomba kurudi nyumbani South Australia. Kosa iko wapi? Toka amefika kwetu amekuwa kiungo anayebeba mtu watatu mgongoni na bado anatoka na mpira. Nguvu yake kwenye kiuno si ya kawaida. Mimi niko uwanjani Adelaide Oval kila tukicheza nyumbani, nakuambia ukimuona kwa macho si sawa na tivii, ile kishindo unasikia mpaka juu.

Na juu ya Aliir, hapo mwenye uzi Mungu akubariki. Aliir alizaliwa Kakuma. Mimi pia nimepita kambini, si Kakuma lakini nimepita, najua maisha ya kule, mutoto anacheza na mpira wa matambara. Alifika Australia mudogo, kwanza alicheza soka na basketi, mpira huu akaujua baadaye, akaenda Perth akacheza East Fremantle, ndipo Sydney wakamuita namba 44. Sydney wakakaa naye, baadaye akaja kwetu, na 2021 mwaka wake wa kwanza tu Port akaingia All-Australian, timu bora ya mwaka ya ligi nzima. Akipaa kwenye mpira wa juu watoto wetu wote hapa wanasimama. Kwa kanisa letu hapa kuna vijana wanaojiita Aliir wakicheza nje baada ya ibada.

Sasa munaniambia hakuna maana ya kungojea mtu kama huyo?

Bondeni Pwani

@Kasai shikamoo mzee, hakuna anayesema Aliir si mchezaji. Nasema hivi: alichukuliwa 44 na 44 ilikuwa ndio bei sahihi SIKU ILE. Debut yake ni 2016. Kutoka kuchukuliwa mpaka kuwa All-Australian ni misimu minane, na kwenye klabu ya pili. Timu iliyo mkiani haina misimu minane, kocha atakuwa ameshafukuzwa mara mbili. Kwa hiyo timu inayochagua namba 3 ikichukua kiungo inafanya sawa, na ikifika raundi ya tatu ndio ichukue hao wa kusubiri. Drafti ndivyo ilivyopangwa.

Kuhusu Horne-Francis tuko pamoja, mimi nimemweka 3. Ila tuseme ukweli North hawakupata hasara ile mnayoisema. Waliposema sawa ondoka ule ukawa mpango wa timu nne, Port, North, West Coast na GWS. GWS wakaishia na namba 1 wakamchukua Aaron Cadman, na North wakapata zile zilizokuja kuwa 3 na 4, Sheezel na George Wardlaw. Kwa kijana mmoja aliyekuwa hataki kukaa! Mimi nikiwa bosi wa timu hiyo biashara naifanya hata leo asubuhi.

Mama Zawadi wa Perth

Hamjambo wanangu na ndugu zangu. Mimi huwa nasoma tu siandiki, leo nimeona niandike.

Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na tano, mrefu kuliko baba yake tayari, alianza huu mpira miaka miwili iliyopita kwa sababu mwalimu wake wa michezo alimwona anavyoruka. Nampeleka mazoezi jioni jumanne na alhamisi na mechi jumapili asubuhi, kwa gari, kwenda na kurudi. Kwa hiyo hii mnayoita hoja ya warefu waliochelewa kwangu mimi iko mezani tunakula nayo.

Ninachokiona pale uwanjani ni tofauti na mnavyosema nyote wawili. Watoto walioanza wadogo hawajui zaidi tu kupiga mpira, wanajua pa KUSIMAMA. Mpira bado uko kule wao wameshaanza kukimbia. Mwanangu anafika anaruka juu kuliko wote halafu unakuta karukia mahali mpira hauji. Na hilo hafundishwi kwa siku moja, linataka mechi, mechi nyingi sana, na kocha mwenye moyo wa kumwambia mtoto baki uwanjani hata ukikosea. Makocha wa namna hiyo wapo, tumempata mmoja namshukuru Mungu, lakini wengi wanataka kushinda ile jumapili.

Kwa hiyo kabla hamjawalaumu maskauti wa AFL angalieni huku chini. Mtoto akifika 17 hajachezeshwa vya kutosha skauti atamwona wapi? Timu za jimbo za chini ya miaka 18 ndizo wanazokwenda kuangalia, WA, South Australia, zile mbili za Victoria na ile ya mseto, na huko hawachukui anayejifunza.

Mimi ni Fremantle. Jye Amiss mtoto wa Busselton kusini huku, namba 8 yake ilikuwa halali na mkichagua upya asishuke. Na nampenda yule Murphy Reid, tumemchukua namba 17 tu 2024 na Rising Star ya 2025 ni yake. Mtoto mdogo wa umbo, akili tupu.

Mtaa wa Dandenong

Mama yangu asante sana kwa kuandika, hiyo ya pa kusimama ndiyo iliyokuwa inakosekana kwenye uzi wangu. Na ukiangalia ndicho alichofanyiwa Mac Andrew. Nyuma ndiko mahali ambapo mrefu anaanza kuelewa pa kusimama, kwa sababu uwanja wote uko mbele ya macho yake, mpira unamjia uso kwa uso. Aliir naye hivyo hivyo, nyuma. Leek Aleer GWS wamemchukua namba 15 siku ileile ya 2021, naye nyuma. Timu zimeshajua njia, zinachotakiwa ni kuiamini mapema zaidi.

@Bondeni unasema timu ya mkiani haina muda wa kusubiri. Gold Coast 2021 walikuwa wapi? Walikuwa hawajawahi kuingia mtoano tangu waingie ligi 2011. Wakachukua wa kusubiri namba 5. 2025 wameingia mtoano mara ya kwanza, wakaenda Perth wakashinda kwa pointi moja (pole Mama Zawadi). Andrew alikuwa ndani ya ule ukuta wa nyuma.

Halafu kuna jambo linaniuma mpaka leo kuhusu yeye. Melbourne ndio walimlea kwenye akademi yao, zile za vijana wa asili na watoto wa wahamiaji. Mwaka mmoja kabla, 2020, Bulldogs walimpata Jamarra Ugle-Hagan namba 1 kwa njia hiyohiyo, kelele zikawa nyingi, 2021 wakafunga: akitajwa ndani ya 20 za kwanza klabu iliyomlea haiwezi kulipa. Kwa hiyo Melbourne wakabaki wanaangalia. St Kilda mwaka huohuo wakampata Mitch Owens wao kwa sababu jina lake halikutajwa mpaka namba 33. Yaani klabu inaadhibiwa kwa kumlea dogo VIZURI SANA. Akiwa wa kawaida mnabaki naye, akiwa bora anachukuliwa. Nani ataweka pesa kwenye vitongoji vyetu kwa sheria kama ile? Wakati huohuo timu za kaskazini na akademi zao hazikuwekewa kikomo hicho, na wa baba na mwana nao hawakuguswa. Gold Coast wenyewe 2023 wamebeba madogo wao wanne, Jed Walter namba 3, Ethan Read, Jake Rogers, Will Graham.

Kapteni Kibe

Hapo umesema. Hiyo ya baba na mwana kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Mtoto wa Congolese ama Msudani baba yake alicheza mechi mia wapi? Hawezi kuwa na hiyo. Kaskazini angalau kuna sababu, Queensland na NSW ni rugby, bila academy hakuna mtoto atacheza huu mchezo. Lakini Brisbane kupata Will Ashcroft namba 2 na baada ya miaka miwili Levi namba 5, na team iko juu ya table! Will sasa ana Norm Smith mbili, 2024 na 2025. Hiyo draft ni ya kusaidia wadhaifu kweli?

Bondeni Pwani

@Kapteni mimi hapo napinga. Walilipa. Pointi ni pointi, na tangu punguzo lishuke mpaka asilimia 10 bei imekaribia ukweli. Shida ilikuwa bei, wala si sheria yenyewe. Na mchezo huu ukiutoa hiyo ya mtoto kuvaa jezi ya baba yake utakuwa umeutoa kitu ambacho mashabiki wa kule wanalia nacho machozi. Peter Daicos na wanawe wawili, Josh na Nick, jezi ileile ya mistari, ubingwa 2023. Mimi niko mbali huku Mombasa na siku ile nilisimama.

Ila la akademi za wahamiaji nakubaliana na mwenye uzi mia kwa mia. Kikomo kile kilikuwa kibaya na kilimpata kijana asiye na kosa.

Zungu la Mbagala

Nimeelewa sasa asanteni sana. Huyu Wanganeen-Milera wa namba 11 ndio yupi? Maana wote mmemweka wa pili hakuna aliyebisha.

Kasai Adelaide

@Zungu tafuta St Kilda na Melbourne, Julai 2025. Angalia robo ya mwisho yote usikate. St Kilda wako nyuma pointi 46, robo moja imebaki. Wanarudi, wanarudi, na mwisho ile kijana anadaka, anafunga, zimebaki sekunde chache mpira unarudi katikati, St Kilda wanapewa mpira wa adhabu, anapewa mpira tena, anafunga tena baada ya king'ora. Haijawahi kutokea timu kutoka nyuma hivyo kwenye robo ya mwisho. Alitoka hapa kwetu, Glenelg, timu tisa zikapita jina lake, na Crows na Port wote walikuwa na nafasi kabla... Crows walikuwa namba 6. Port sisi tulikuwa nyuma yake, tulichukua Josh Sinn 12. Nafasi moja tu! Nikiwaza hiyo silali.

Bondeni Pwani

Na huyo hakuwa mrefu wa kusubiri wala kiungo mwenye mwili. Alikuwa mwembamba wa pembeni, mguu wake unaweka mpira popote. Watu waliogopa kilo. Leo anacheza katikati.

Kwa hiyo mwenye uzi nikupe kidogo: kama hoja yako ingekuwa "msiogope wembamba" ningekusaini. Mguu wa kupiga na akili ni vya kuzaliwa navyo na kulelewa navyo, kilo zinaongezwa gym. Lakini kuruka juu peke yake bila mguu, hapana, sitoi namba 3 yangu.

Mtaa wa Dandenong

Lakini Andrew mguu anao! Hilo ndilo nasema watu hawamwangalii vizuri. Mpira akiudaka nyuma hatupi tu mbele, anatafuta mtu mita 40 ndani ya uwanja anampa kifuani. Mtazame mechi nzima usitazame zile za kuruka tu.

Mama Zawadi wa Perth

Wanangu mmesahau magoti. Josh Gibcus namba 9 alicheza msimu wake wa kwanza 2022 kama mtu mzima, kila mtu akasema Richmond wamelamba dume, halafu nyama ya paja ikamla 2023 yote, 2024 mapema goti likakatika. Na yule Jagga Smith wa Carlton, namba 3 ya 2024, goti kabla hata msimu wa kwanza haujaanza. Mnawapanga na kuwashusha, hao wengine hawajapata hata nafasi ya kujulikana. Mimi Gibcus simtoi kwenye kumi zangu mpaka nimwone misimu miwili mizima.

Kapteni Kibe

@Mama heshima yako. Will Ashcroft pia alikatika goti 2023 na tazama alivyorudi.

Mimi top 5 yangu ya mwisho: Daicos, Wanganeen-Milera, Darcy, Horne-Francis, Andrew. Darcy juu ya Andrew kwa sababu fowadi wa mita mbili na sentimita nane anayekimbia vile hayuko mwingine kwa hii ligi, na magoli ndiyo inashinda mechi. Na Newcombe namuweka pembeni na asterisk yake.

Kuna kitu ingine tuwaze, Tasmania wanaingia 2028 team ya 19. Watapewa picks nyingi za mwanzo. Nafasi za kazi zinaongezeka, list nzima ya wachezaji itahitajika, hapo ndipo hawa vijana wa kusubiri watapata mlango. Mama mtoto wako atakuwa 18 wakati gani?

Mama Zawadi wa Perth

Hapo hapo 2028 akijaliwa. Tasmania ni mbali na baridi sana lakini wakimwita nampakia sweta.

Kasai Adelaide

Mimi bado niko kwa Horne-Francis wa pili, hakuna atakayenitoa hapo. Halafu Andrew wa tatu pamoja na mwenye uzi. Wiki Port wakicheza na Gold Coast hapa Adelaide, Aliir nyuma yetu na Andrew nyuma yao, nakaribisha mtu yeyote wa huu uzi aliye karibu aje tukae pamoja, nina watoto sita wa jirani nawapeleka na gari la kanisa, nafasi ziko.

Zungu la Mbagala

Nimeimaliza ile robo ya mwisho ya St Kilda sasa hivi, saa nane usiku, majirani wamegonga ukuta. Mimi ni St Kilda kuanzia leo. Mac Andrew mechi gani nianze nayo ambayo sio ile ya Essendon?